Tovuti imerudi kuwa nyepesi

Siku tatu tovuti yangu imekuwa ikijikokota: ukurasa mmoja sekunde 14, mara hitilafu ya 503 (seva haipatikani kwa sasa). Niliwashuku majirani, maana seva ya kuchangia, yaani kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi, ni kama nyumba ya kupanga, mmoja akifungulia maji yote bomba la mwenzake linakauka. Jana usiku nikasoma kumbukumbu za seva (orodha ya maombi yanayoingia) mstari kwa mstari. Kumbe tatizo liko kwangu! Roboti, yaani programu zinazozurura mtandaoni zenyewe, zinagonga mfululizo xmlrpc.php (faili la WordPress la kupokea amri kutoka nje), na kila ombi linaamsha PHP (lugha inayoendesha tovuti) na kugusa hifadhidata, mpaka mgawo wangu wa prosesa unakwisha. Faili hilo silitumii kabisa, nikalizuia kwenye .htaccess (faili la maagizo kwa seva). Sasa roboti zinajibiwa 403 (hairuhusiwi) mlangoni, PHP haiguswi. Ukurasa unafunguka kwa sekunde 2, na fundi wa huduma nimeshamwomba radhi kwa kuwashuku majirani.