Sinia Lililonipita

Shemeji katoka hospitali salama, watoto wamefunga shule, hati za kiwanja hatimaye zimepatikana, na mimi nikizima taa usiku nasikia sauti ya wifi: "Huyo mruke, ana sukari."

Wifi mnamjua. Hana roho mbaya hata chembe, ndiye aliyekesha nami nilipolazwa. Jumapili tulikusanyika kumpokea shemeji, na wifi alikuwa anamwelekeza kijana aliyepitisha sinia la vitafunio. Nikamwambia, "Wifi, niachie basi karanga kidogo." Akanishika bega, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Vumilia, mpenzi. Usije ukatuangukia hapa." Watu wakanitazama kwa huruma, sinia likaenda zake.

Hapo kwenye kuanguka ndipo ninapokwama. Saa nane mchana ilishapita na chakula kilikuwa bado jikoni. Anayechoma asubuhi insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya taratibu kwa pamoja, kama mimi, anajua kwamba ile sehemu yake ya taratibu inakolea mchana na kushusha sukari, ule usile. Cha kuniangusha pale kilikuwa njaa. Nilijitenga nikajipima sukari ya damu: 4.6 mmol/L. Si pabaya, lakini ikishuka chini ya 3.9, hata karanga hazitoshi, kwa sababu mafuta yake yanachelewesha mambo tumboni. Hapo inatakiwa sukari ya haraka, gramu 15 hivi, nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, usubiri dakika 15, upime tena. Kinywaji kilekile ninachoondolewa mbele yangu kila tukikutana ndicho kitakachonisimamisha siku hiyo. Natamani ndugu zangu walijue hili kwanza, kabla ya makatazo yote waliyoyakariri.

Nimeyapanga upya yale mazungumzo sijui mara ngapi. Ningesema, "Wifi, niulize mimi." Ningesema kwa upole, nikiwa nimekaa. Nikifika hapo namwona anakunja uso, basi nabadilisha: ningenyoosha mkono tu nikachukua. Halafu nasikia tena lile "usije ukatuangukia", na wote wananitazama, na narudi mwanzo. Kinachouma ni kusemewa juu ya kichwa changu nikiwepo, mtu mzima, mwenye mashine ya kupimia kwenye mkoba na miaka ya kuusoma mwili wangu.

Aliyenitoa hapo ni mpwa wangu Tatu. Alinifuata nje na karanga kazikunja kwenye tishu. "Shangazi, hizi unaruhusiwa?" Nikamwambia naam, kiganja kimoja, zisiwe zimepakwa sukari wala kujaa chumvi. "Na chungwa?" Chungwa zima sawa, juisi yake ndiyo tuiogope siku za kawaida: glasi moja inameza machungwa kadhaa, nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye kichujio, sukari inapanda mbio. Akalimenya pale pale, akataka kuzibandua zile nyuzi nyeupe, nikamwambia aziache. Tukagawana nusu kwa nusu. Baadaye alinishikia kidole mwenyewe, akakaza macho kwenye kioo cha mashine mpaka namba ikatoka: 7.2. Akakimbia kumwambia baba yake kama vile kafaulu mtihani ni yeye.

Tangu hapo moyo umelainika. Kopo langu la kazini nalifunga kwa furaha: yai la kuchemsha, karoti, siku nyingine mtindi usiotiwa sukari au tufaha na maganda yake.

Jumatano wifi kaja na pakiti ya biskuti, mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari. Kazitafuta maduka kadhaa, na nimemshukuru kwa dhati. Tukaigeuza pakiti, nikamwonyesha kwa ukucha mstari mdogo wa nyuma: wanga, gramu 64 katika kila gramu 100. Unga ni unga, wifi, mwilini unageuka glukosi vilevile. Kwa hiyo biskuti mbili na chai ya rangi, sawa. Pakiti nzima kwa sababu ya yale maandishi ya mbele, hapana. Akanyamaza, akausoma mstari tena. "Sasa siku nyingine nikuwekee nini?" Nikamwambia karanga. La Jumapili sikuligusa, naye hakuligusa. Sijui kama analikumbuka.

Nilidhani leo nitalala mapema. Lakini mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, wenzangu wawili wameshaitwa kusaini mpya, na bosi leo kaniomba nimwandikie kazi zangu zote na mahali yalipo mafaili yake. Baba watoto anasema ni kawaida, kila ofisi hufanya hivyo. Mbona wale wawili hawakuombwa?