Networking ya miaka miwili Marekani, inalipa kweli?

Vijana wetu wakishafika Marekani wananiuliza sana hii digrii ya miaka miwili ya networking, yaani kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, mi nawaambia angalia kwanza unasomea wapi. Komyuniti koleji ya hapo jirani, krediti kama 60, ukiwa mkazi wa jimbo na una grini kadi na kipato ni kidogo unaomba Pell Grant, msaada wa ada wa serikali ya Marekani, mwaka wa masomo 2024-25 ilifika mpaka dola 7,395 na hairudishwi, ada inapungua sana. Ila kile chuo binafsi cha kutafuta faida kinachokusainisha mkopo mkubwa kwa kozi ileile, jamani kimbia.

Kuna wanaosema fanya CCNA tu, kile cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, mtihani dola 300, cheti kinadumu miaka 3, na Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ya kujifunzia ni bure. Sawa, ila maabara ya koleji unashika rauta yenyewe, unapanga zile nyaya nane za kebo ya mtandao, nyeupe-chungwa mbele, unabana RJ45, kile kichwa cha plastiki cha kebo, testa ikikataa unakata unaanza upya. Mi ningefanya vyote viwili.

Alafu kazi ya kwanza mara nyingi ni helpdesk, kusaidia watu wenye shida za kompyuta, so piga hesabu zako na mshahara huo, na uliza mapema krediti zako zinahamishika chuo kikuu kipi.