Farasi Aliyekataliwa Kentucky

Usiku huu nimeirudia tena video ya Preakness ya 1989, moja ya mbio kubwa za farasi Marekani. Mbio zenyewe hazifiki dakika mbili, ila mimi huruka hadi kipande cha mwisho. Easy Goer, yule mwekundu, yuko ndani kwenye uzio. Sunday Silence, karibu mweusi, yuko nje. Bega kwa bega. Kichwa cha Easy Goer kimegeuka kumwelekea mwenzake, wanakimbia huku wanatazamana kama majirani wanaogombania mpaka. Sunday Silence akashinda kwa pua, yaani kwa tofauti ndogo kabisa.

Huyu ndiye farasi ambaye hakuna aliyemtaka. Alizaliwa Kentucky, jimbo la Marekani, 1986. Akiwa mdogo aliugua nusura afe. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imepinda, na alipopelekwa mnadani bei haikufika, mwenye shamba Arthur Hancock akamrudisha kwa dola 17,000. Mwaka uliofuata akapelekwa mnada wa California, mambo yakawa yale yale. Njiani kurudi nyumbani dereva akapatwa na mshtuko wa moyo, gari likapinduka. Farasi akapona.

Baadaye akashinda mbio tatu kubwa za Marekani, Kentucky Derby, Preakness na Breeders' Cup Classic, zote mwaka mmoja. Kwenye mbio nyingine kubwa, Belmont, alishindwa na Easy Goer kwa urefu wa farasi wanane. Hiyo siirudii mara nyingi.

Watu hupenda kusema Wamarekani walikuwa vipofu kumwachia aende nje akazalishe. Mimi sikubali. Ukoo wa mama yake haukuwa na jina, na anayelipa mamilioni kununua hisa za dume la kuzalisha ananunua ukoo, hanunui kombe. Hancock alipotafuta wabia, waliojitokeza walikuwa wa kuhesabu. Aliyekuwa tayari na pesa ni Zenya Yoshida wa Japani, akampeleka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani.

Na hapo ndipo naona ilipo siri ya mafanikio yake kama dume la kuzalisha. Kwa Thoroughbred, aina hii ya farasi wa mbio, hairuhusiwi kupandikiza mbegu. Lazima dume ampande jike mwenyewe. Dume akihamia Hokkaido, majike anaowapata ni wa huko, na familia ya Yoshida ilikuwa imekusanya majike wazuri kwa miaka mingi. Angebaki Kentucky na majike wa kuokoteza, sijui tungekuwa tunamzungumzia.

Yoshida alifariki 1993, kabla watoto wa kwanza hawajaanza kukimbia. Kuanzia 1995 hadi 2007, miaka 13 mfululizo, Sunday Silence aliongoza orodha ya madume wa Japani ambao watoto wao wameshinda pesa nyingi zaidi, ingawa mwenyewe alikufa Agosti 2002. Mwanawe Deep Impact, aliyezaliwa mwaka huo huo, alitwaa mataji yote matatu makuu ya farasi wa miaka mitatu Japani 2005.

Sasa damu yake imeenea mno kiasi kwamba wafugaji wa huko wanahangaika kupata dume asiye na undugu na majike wao. Wananunua nje. Dume Drefong, aliyeshinda mbio za Breeders' Cup Sprint 2016, walimtoa Marekani.