Jinsi nilivyohamisha injini ya kinu kwa loda ya trekta

Shida ilikua kila nikiinua injini ya dizeli ya kinu kwa loda ya mbele (ile mikono yenye baketi mbele ya trekta), matairi ya nyuma yanakua mepesi, na hapo ndo hatari kubwa maana trekta nyingi breki ziko nyuma tu, tairi likikosa uzito breki huna. Kilichotatua ni uzito wa nyuma: pipa la lita 200 nikalijaza zege, karibu kilo 480, nikalifunga kwenye mikono ya nyuma ya kunyanyulia jembe. Mnyororo ulioshika injini nao nikautoa kwenye ncha ya baketi nikaurudisha karibu na trekta, mzigo ukiwa mbali unavuta zaidi. Nikabeba chini kabisa, gia ya kwanza, polepole mpaka bandani. Na jamani mtu asisogee chini ya mzigo, paipu ya haidroliki (ya mafuta yanayoinua loda) ikipasuka mzigo unashuka wote.