Beberu hakuwa na kosa

Kabete mwezi wa Julai ukungu haukuachi mpaka saa nne. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevuna shahawa za beberu wetu, mbuzi wa aina ya Galla, kwa uke bandia, kama mililita moja hivi, nzito kama maziwa ya mala. Chini ya hadubini tone lilitembea kwa mawimbi. Nikafurahi.

Kilichobaki ni kuhesabu mbegu zilizo hai kwa rangi mbili zilizochanganywa, eosini na nigrosini. Mbegu ikifa utando wake huachia, eosini ikaingia na kichwa kikageuka waridi. Iliyo hai huikataa, hubaki nyeupe. Nigrosini kazi yake ni kutia giza nyuma tu, ili weupe huo uonekane. Unahesabu 200.

Nilipata nyeupe 31. Nikapaka slaidi nyingine: 28.

Sasa, maiti waliogeleaje? Nilianza kumlaumu beberu, kisha aliyeniuzia rangi. Mzee wa maabara, mtu wa maneno machache, alinyanyua chupa yangu ya rangi akanikabidhi. "Shika, daktari." Ilikuwa ya baridi kali, nimeitoa kwenye friji muda huohuo. Slaidi nazo zilikuwa zimelala mezani usiku kucha na dirisha wazi. Mbegu iliyotoka mwilini ikikutana na baridi ghafla, utando hupasuka. Niliziua mwenyewe, kisha nikazihesabu.

Kesho yake niliweka rangi, slaidi na pipeti zote kwenye nyuzi 37 kabla ya kumgusa beberu. Shahawa nikazizimua kwanza kwa maji ya chumvi iitwayo sitrati ya sodiamu, yenye joto hilohilo, maana zikiwa nzito vichwa hulaliana usijue kipi ni cha nani. Ukaushaji ndio ulionisumbua: slaidi ikichelewa kukauka, rangi huendelea kupenya, na Julai ya Nairobi haikaushi hata soksi. Nikaazima mashine ya dada yangu ya kukausha nywele. Hajui ilikopita.

Kulikuwa na vichwa vya waridi nusunusu, vinavyokutia tamaa ya kuvihurumia. Hivyo nilivihesabu pamoja na maiti.

Hai 158. Mzee akavuta kiti, akahesabu slaidi ileile bila kuuliza nimepata ngapi. Akaandika 153 kwenye kiganja chake, akanionyesha, akaenda kunywa chai.