Mijusi ya Tendaguru na Swali la Ayubu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya juma hili ni Ayubu 13:1-12, Zaburi 104 na Warumi 5:12-14.

Rafiki za Ayubu walikuwa wanamtetea Mungu. Nia nzuri, hoja mbovu. Katika mstari wa 7 Ayubu anawabana: je, mtasema uongo kwa ajili ya Mungu? Swali hilo linatufaa sisi wa Lindi na Mtwara, kwa sababu vijana wetu wanauliza habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, aliyeko Ujerumani, na majibu wanayopewa, mimbarani na kwenye magrupu ya simu, mara nyingi hayajapimwa na mtu.

Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 watu wa makumbusho ya Berlin walichimba pale kwa nguvu za mamia ya vibarua wa huku kusini, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Mifupa, tani 250 hivi, ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na si haki kila mara kuwataja wataalamu wa Kijerumani Janensch na Hennig peke yao. Mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana kimo cha mita 13 na ushei.

Kwa leo tuuache mfupa, tutazame mahali ulipolala. Anza chini. Kuna tope lililogeuka kuwa mwamba, lenye mifupa ya mijusi. Juu yake kuna mawe ya mchanga yenye konokono wa baharini, warefu, waliosokoteka, jamii ya Nerinea. Kisha tope tena na mijusi tena. Halafu mchanga wa bahari wenye chaza wa jamii ya Trigonia, ganda nene lenye matuta. Mijusi mara ya tatu, bahari mara ya tatu. Unene wa yote unazidi mita 100. Pwani ile ilikuwa inaingiliwa na bahari, bahari inarudi, wanyama wa nchi kavu wanapita tena juu ya pale walipoishi konokono.

Jibu linalosikika sana ni kwamba yote hayo ni gharika ya Nuhu. Haya, tulipime. Ukisoma Mwanzo 7:11 pamoja na 8:14, gharika ilichukua mwaka mmoja na siku kumi. Ndani ya muda huo ingebidi bahari ije na kuondoka mara tatu, na kila mara wawepo mijusi wazima wa kutembea juu ya tope jipya. Maana walitembea: baadhi ya wale wakubwa walikutwa miguu imesimama wima ndani ya tope, mifupa ya unyayo ikiwa bado imeungana. Mnyama anayezolewa na mafuriko hulazwa, viungo vikatawanyika. Huyu alikanyaga mahali laini akanasa. Anayehubiri gharika ahubiri, ni Neno la Mungu. Lakini asiifanye Tendaguru kuwa shahidi wa jambo ambalo miamba yake haisemi.

Miaka ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Wataalamu wanataja miaka milioni 150 hivi, na wapo watumishi wanaoicheka hesabu hiyo kwa kusema kipimo cha kaboni hakiaminiki. Kaboni haikutumika kabisa kwa umri huo. Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikishapungua nusu mara kumi, yaani miaka 57,300, imebaki sehemu moja kati ya 1,024, na hapo uchafu kidogo tu unatosha kuharibu kipimo. Kwa miamba ya kale hupimwa madini ya urani yanavyogeuka kuwa madini ya risasi ndani ya punje ndogo ngumu za zirkoni. Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 kupungua nusu.

Hata hapo pana mtego. Huwezi kuokota zirkoni kwenye mchanga wa Tendaguru ukasema umri wake ndio umri wa tabaka. Punje ile ilizaliwa kwenye mwamba mwingine, ikamomonyoka, ikasombwa na mto. Ile milima ya mawe ya Masasi ni ya kale kuliko mijusi yote, na punje zake zikishuka bondeni masika haya hazilifanyi tope la masika haya kuwa la kale. Zirkoni ya namna hiyo inasema jambo moja tu: tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko yenyewe. Ndiyo sababu umri wa Tendaguru ulitafutwa kwa viumbe wa baharini waliomo, wakalinganishwa na wenzao wa nchi nyingine ambako kuna majivu ya volkano yanayopimika.

Na mtu akikuletea habari ya lava mpya iliyopimwa ikaonekana ina miaka maelfu kwa maelfu, usibishe, hutokea. Njia ya kupima potasiamu inavyogeuka kuwa gesi ya agoni hudanganyika gesi ya zamani inaponaswa ndani ya jiwe. Hitilafu hiyo inajulikana, na wapimaji makini hutumia njia zaidi ya moja.

Kanuni yenyewe kwamba tabaka la chini lilitangulia iliandikwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, Mdenmaki aliyekuja kuwa askofu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1988. (Kanuni hiyo ina sharti: matabaka yasiwe yamepinduliwa wala kukatwa na ufa.) Mwafrika mwenzetu Agostino wa Hippo alishaonya, karne nyingi kabla yake, dhidi ya Mkristo anayesema mambo ya ovyo juu ya nchi na mbingu mbele ya watu wanaoyajua. Watamwaminije anapowaambia habari za ufufuo?

Wako ndugu zetu wanaoshika siku sita za saa 24. Tusiwadharau. Anayeshika hivyo aseme "naamini hivi", na asiongeze kwamba mawe yamemthibitishia.

Linalobaki gumu kweli ni mauti. Mijusi walikufa kabla ya Adamu? Warumi 5:12 inasema mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi. Paulo anazungumza juu ya watu. Na Zaburi 104:21 inasema simba wanapounguruma wanatafuta chakula chao kwa Mungu, na mtunga zaburi anaimba hayo kama sifa. Tunaona mistari hiyo inaacha nafasi kwa mnyama kufa kabla ya dhambi ya mtu. Si kila kanisa linakubali, na walimu wa kipaimara waseme wazi kwamba hawakubaliani wote.

Vijana wanaotaka kujaribu kwa mikono yao waanze na jiwe la matumbawe, lile la kuta za kale za Mikindani na Kilwa Kisiwani. Mtumie kipande kilichoanguka ufukweni, msikwangue ukuta. Kwarueni kwa kisu hadi unga mweupe utoke, kamulieni ndimu, muone mapovu: ni chokaa ya viumbe wa bahari. Jiwe la Masasi halitoi kitu. Mkiona mapovu kwenye jiwe la mchanga msikimbilie kuliita matumbawe, huenda ni chokaa iliyogandisha punje tu. Jiwe lililochakaa juu nalo hudanganya, ndiyo maana ya kukwarua kwanza. Mkikuta mfupa ndani ya mwamba, pigeni picha, andikeni mahali, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji, na uacheni pale pale. Mabaki hayo yanalindwa na sheria, na mfupa uliong'olewa hakuna tena wa kusema ulitoka tabaka lipi.