Howell, Isimila na ule mchoro wa foleni ya binadamu

Ule mchoro wa nyani anayeinuka hatua kwa hatua mpaka kuwa mtu, mnaouona hata kwenye fulana, ulitoka mwaka 1965 katika kitabu Early Man cha F. Clark Howell, Mmarekani mtaalamu wa binadamu wa kale. Ni Howell huyohuyo aliyechimba Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale, mwaka 1957 na 1958, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini ukishika barabara ya Mbeya.

Howell alisomesha chuo kikuu cha Chicago, kisha cha Berkeley, lakini kitabu hicho alikiandikia msomaji wa kawaida. Mchoraji, Rudolph Zallinger, alipanga viumbe 15 kwenye ukurasa wa kukunjua. Maandishi yanasema baadhi yao ni matawi yaliyokatika bila kuacha kizazi. Jicho linaona foleni moja tu. Mwalimu anayeutumia darasani achore kwanza mti wenye matawi ubaoni, ndipo aonyeshe picha.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa iko korongoni. Mwanafunzi kutoka Afrika Kusini alikuwa ameokota mashoka ya mawe pale mwaka 1951. Howell na wenzake, Glen Cole na Maxine Kleindienst, hawakuchagua mazuri tu. Walifungua maeneo mapana, tabaka kwa tabaka, wakaandika kila kipande kilipolala, hata vibanzi, yaani vipande vinavyobanduka jiwe likichongwa. Vibanzi vidogo vikiwa pamoja na mashoka, kuna uwezekano mkubwa yalichongwa hapohapo. Ukikuta makubwa matupu, tena yameelekea upande mmoja, shuku maji: mto huchukua vyepesi na kuacha vizito.

Shoka la mkono lilianza na banzi kubwa lililobanduliwa kwenye mwamba, kisha likachongwa pande zote mbili kwa jiwe la kugongea. Pembe ya ukingo unaogongwa lazima iwe chini ya nyuzi 90. Ikizidi, jiwe linasagika tu, au banzi linakatikia njiani na kuacha ngazi ambayo kila pigo linalofuata litakwama hapo. Ukitaka kujua kama banzi ni kazi ya mtu, tafuta kinundu kidogo karibu na palipogongwa. Kwenye shoka lenyewe, tazama makovu ya pande mbili yanayokutana kwenye makali.

Umri wa zana hizo ulileta shida zaidi. Mwaka 1972 walitangaza takriban miaka 260,000, kwa kupima urani (uranium), madini ya mionzi yanayooza polepole kwa kasi inayojulikana, ndani ya mfupa. Mfupa hunyonya urani kutoka majini baada ya kufukiwa, na unaweza kuendelea kunyonya au kuipoteza, kwa hiyo namba hiyo ichukuliwe kama makadirio.

Mvua za kila mwaka bado zinafukua mawe mapya pale. Ukiliona moja, usiliinue. Weka kalamu kando yake lipate kipimo, piga picha, kisha umwite mwongozaji aje alione lilipo.